Padre Athanasius Kircher na Ulimwengu Uliofichika Chini ya Ardhi



Wapendwa waamini, tulipomaliza kuadhimisha Misa Takatifu huko Kwakoa, katika tambarare iliyo kati ya milima ya Upare Kaskazini na Ziwa Jipe, watoto wa mafundisho ya Komunyo ya Kwanza walitungoja nje kivulini. Mmoja wao alikuwa na swali. Babu yake alikuwa amemsimulia habari ya mapango ya Amboni kule Tanga: kwamba ndani yake kuna njia ipitayo chini kwa chini hadi Kilimanjaro, na kwamba mbwa aliyepotea humo zamani alikuja kuonekana mlimani. Mtoto yule alikuwa amekwisha kupiga hesabu yake. Atokaye Tanga kwenda Moshi hana budi kupita Same na Mwanga. Basi njia hiyo inapita chini ya miguu yetu. Alitaka kujua ni nani wanaokaa humo.

Katekista alicheka. Sisi hatukuweza kucheka, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba swali hilo hilo liliwahi kuulizwa na padre mmoja msomi sana, aliyelitafutia jibu kwa miaka mingi na kuliandikia vitabu viwili vikubwa. Ya pili ni shimo moja tulilolishuhudia kwa macho yetu, ambalo tutalieleza kwa wakati wake. Leo tungependa kuwasimulia maisha ya padre huyo, Athanasius Kircher wa Shirika la Yesu.

Alizaliwa Geisa, mji mdogo karibu na Fulda nchini Ujerumani, tarehe 2 Mei. Mwaka wenyewe ni 1601 au 1602. Hata yeye hakuwa na hakika. Siku hiyo Kanisa humkumbuka Mtakatifu Athanasi, naye akapewa jina lake. Alikuwa kitindamimba kati ya watoto tisa. Mwaka 1618 aliingia unovisi wa Wayesuiti huko Paderborn, na mwaka huo huo vikaanza vita vilivyodumu miaka 30 na kuiharibu Ujerumani yote. Ujana wake wote ulikuwa wa kukimbia. Mwaka 1622 yeye na wenzake waliikimbia Paderborn katikati ya baridi kali, na walipokuwa wakivuka mto Rhine juu ya barafu, barafu ilipasuka naye akatumbukia majini, aliponea chupuchupu. Alipata Daraja Takatifu ya Upadre mwaka 1628, akapewa kufundisha huko Würzburg, na mwaka 1631 majeshi ya Sweden yakamfukuza tena. Alikimbilia Ufaransa, asirudi kuishi katika nchi yake.

Huko Ufaransa aliteuliwa kwenda Vienna kuwa mwanahisabati wa Kaisari, katika nafasi iliyowahi kushikwa na Johannes Kepler. Rafiki zake hawakupenda elimu yake ipotelee huko, wakamwombea kwa Baba Mtakatifu Urbani VIII abaki Roma. Kircher hakujua lolote. Alisafiri kwa bahari, dhoruba zikamtupa huku na huku, na alipofika Roma mwaka 1633, akidhani anapita tu, alikuta barua ya kumpangia kazi hapo hapo. Akakaa Roma miaka 47.

Yaliyomwelekeza kuutafuta ulimwengu wa chini yalitokea mwaka 1638. Alikuwa akirudi kutoka Malta, kupitia Sisilia na pwani ya Calabria, kusini mwa Italia. Mlima Etna ulikuwa unafuka, Stromboli unatoa moto, na bahari ilichemka kama maji ya sufuria. Ndipo likaja tetemeko la ardhi la mwisho wa mwezi Machi, lililoua maelfu ya watu katika nchi ile. Kircher na wenzake walikuwa wakielekea mji wa Sant'Eufemia. Walipotazama kule ulikokuwa, waliona wingu zito la vumbi. Na wingu lilipoondoka, kwa masimulizi yake, mji haukuwapo tena, bali palikuwa na dimbwi la maji yenye harufu mbaya. Walimkuta mtoto mmoja ameketi ufukweni, amepigwa na bumbuwazi, asiyeweza kutoa neno.

Mtu mwingine angekimbilia Roma akashukuru kwa sala. Kircher alishukuru kwa sala, kisha akaenda Napoli, akamkodi mwenyeji ajuaye njia, na usiku wa manane wakaupanda mlima Vesuvius, ambao miaka saba tu kabla yake ulikuwa umelipuka na kuua watu wengi. Alichungulia katika kreta yake na kuona moto, moshi na miamba iliyoiva. Kulipopambazuka alijifunga kamba akateremshwa hadi kwenye ukingo wa mwamba ndani ya shimo lenyewe, ili apime na kuona kwa ukaribu. Tumewahi kusimama ukingoni mwa Ziwa Chala, ambako maji yako chini sana na kuta za mwamba zimesimama wima. Tunakiri kwamba magoti yalitetemeka, ingawa ndani kulikuwa na maji baridi tu.

Alirudi Roma na swali: kuna nini huko chini? Alilichukua kwa miaka 27. Katika kipindi hicho alifundisha katika Chuo cha Roma cha Wayesuiti, akaanzisha makumbusho yaliyotembelewa na wageni wa Ulaya nzima, na akaandika vitabu vingi juu ya muziki, sumaku, nuru, na maandishi ya Wamisri wa kale. Wamisionari wa shirika lake walimletea barua, mawe na mifupa kutoka pande zote za dunia. Hatimaye, kati ya mwaka 1664 na 1665, kilichapwa huko Amsterdam kitabu chake kiitwacho kwa Kilatini Mundus Subterraneus, yaani Ulimwengu wa Chini ya Ardhi.

Humo alieleza kwamba dunia si donge gumu tupu, bali ina matundu na mishipa kama mwili. Katikati yake kuna moto mkuu, na kutoka huko mifereji ya moto huenda hadi kwenye volkano. Pamoja na moto kuna maghala makubwa ya maji chini ya milima, yanayojazwa na bahari kwa njia za siri, na ndiyo yazaayo mito. Ghala mojawapo kubwa zaidi, wapendwa, alilichora katika Afrika, chini ya Milima ya Mwezi, akalifanya kuwa chanzo cha mto Nile na mito mingine. Hakuwahi kukanyaga kusini mwa jangwa la Sahara. Alikuwa na taarifa njema ya Padre Pedro Páez, Myesuiti wa Hispania aliyefika mwenyewe kwenye chemchemi za Nile ya Buluu huko Ethiopia mwaka 1618. Lakini pale taarifa ya Páez ilipokoma, kalamu ya Kircher haikukoma.

Vivyo hivyo kwa viumbe. Aliwaandikia wasimamizi wa migodi ya Hungaria akiwauliza juu ya joto, maji, hewa na madini ya chini. Wakamjibu vizuri, na majibu yao ni kati ya sehemu bora za kitabu. Walimjibu pia juu ya vijitu na mapepo wanaosemekana kuonekana na wachimbaji, naye akayaweka yote pamoja. Aliamini kwamba majoka yapo, na kwamba hayaonekani mara kwa mara kwa kuwa makao yao ni mapango ya ndani sana. Alitaja hata ofisa mmoja wa Lucerne, Uswisi, aliyesema kwamba mwaka 1619 aliona joka linalong'aa likiruka kutoka mlimani. Mtu aliyeteremka kwa kamba ndani ya Vesuvius ili ajionee hakuona vigumu kuamini joka aliloambiwa kwa barua. Sisi tunaona kwamba hapa ndipo mahali pa kusimama na kufikiri juu ya maisha yake, kuliko mahali pengine popote.

Kwa maana kosa hili tunalijua. Miaka kadhaa iliyopita, katika kigango kimoja tusichokitaja, baba mmoja wa familia alitujia akiomba maji ya baraka. Tulipomwuliza ni kwa ajili ya nini, alieleza kwamba yeye na ndugu zake wanachimba mali iliyofukiwa na Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mganga aliwaonyesha mahali, akawaambia sanduku la rupia lipo, lakini linalindwa na nyoka mkubwa wa kuzimu asiyekubali kuondoka. Walikwisha kuuza ng'ombe wawili na kipande cha shamba kumlipa mganga huyo. Tulikwenda naye. Tulikuta shimo lenye kina cha mgrevilea mzima, kuta zake hazina hata gogo moja la kuzishikilia, na kijana wa miaka 19 akiwa chini na ndoo. Tuliwasihi waache. Hatukuwapa maji ya baraka, na tunakiri kwamba tuliondoka na hasira badala ya kukaa nao mpaka kijana atoke. Mvua za masika zilipoanza, ukuta wa shimo ulishuka. Tulimzika kijana huyo siku ya Jumatano.

Wachimbaji wa jasi wa Makanya wanajua ardhi ni nini, na mafundi chuma wa ukoo wa Washana, waliowahi kufua chuma cha Upare kabla ya wakoloni, waliijua pia. Wanaoangamia ni wale wanaoambiwa na mtu asiyeshuka shimoni kwamba huko chini kuna dunia nyingine yenye mali na walinzi wake.

Tuseme hapa neno moja la katekesi. Katika Kanuni ya Imani ya Mitume tunaungama kwamba Kristo alishukia kuzimu. Wengi husikia neno hilo wakafikiria pango, au nchi iliyo chini ya mwamba yenye vijiji na ng'ombe. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 632 hadi 635, inafundisha kwamba kuzimu hapo ni hali ya wafu, waliokuwa wakimngoja Mkombozi, naye alikwenda kuwatangazia wokovu na kuwafungua wenye haki. Si mahali pa kufikiwa kwa sururu. Kitabu cha Ayubu, sura ya 28, kinawasifu wachimba madini wanaoshuka gizani na kuyachungulia yaliyofichika; kinauliza tu kama hekima nayo inapatikana huko.

Kircher alikosea mengi, wala si katika habari za ardhi peke yake. Aliamini amefasiri maandishi ya mawe ya Misri, na Champollion alipoyasoma kweli kuanzia mwaka 1822, ilionekana kwamba karibu tafsiri zote za Kircher zilikuwa za kubuni. Hata hivyo ni Kircher aliyeeleza kwa usahihi kwamba Kikopti, lugha ya liturujia ya Wakristo wa Misri, ni mtoto wa lugha ile ya kale, na bila Kikopti Champollion asingefika. Tauni ilipoingia Roma mwaka 1656, Kircher aliwatumikia wagonjwa, na akaiangalia damu yao kwa hadubini. Aliona vitu vidogo akaviita vijidudu. Huenda zilikuwa chembechembe za damu tu. Lakini kitabu alichotoa mwaka 1658 kilifundisha kwamba tauni huenezwa na viumbe hai visivyoonekana kwa macho, na hilo tunalijua leo kuwa kweli. Mtu wa namna hii ni vigumu kumhukumu kwa sentensi moja.

Miongoni mwa vijana waliomtembelea na kuandikiana naye alikuwamo Mdenmark mmoja, Niels Stensen. Mwaka 1666 Stensen aliletewa kichwa cha samaki papa mkubwa aliyevuliwa karibu na Livorno, akayatazama meno yake, akaona yanafanana kabisa na mawe fulani yachimbwayo Malta, ambayo watu waliyaita ndimi za nyoka zilizogeuka jiwe. Hakuongeza chochote juu ya alichokiona. Alihitimisha kwamba mawe yale ni meno ya papa waliokufa zamani, kwamba tabaka za mwamba ziliwekwa moja juu ya nyingine, ya chini ikiwa ya kwanza. Na hiyo ikawa misingi ya elimu ya miamba, katika kitabu kidogo cha mwaka 1669. Stensen aliingia Kanisa Katoliki mwaka 1667, akawa padre, kisha askofu, akafa katika ufukara mwaka 1686. Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri tarehe 23 Oktoba 1988. Kitabu cha Stensen ni chembamba, cha Kircher ni mizigo miwili. Tunadhani kila mmoja alimhitaji mwenzake, kwa sababu bila yule wa kwanza kupiga kelele kwamba huko chini kuna jambo, ni nani angeinama kutazama?

Je, mtoto wa Kwakoa ajibiwe nini? Njia ya Amboni haiko. Mapango yale yamechongwa na maji katika mawe ya chokaa, na wataalamu walioyapima miaka ya 1990 hawakupata pango lenye urefu hata wa kilometa moja. Milima ya Upare ni ya miamba migumu ya kale mno, iliyopikwa kwa joto na mgandamizo. Kutoka hapa hadi kitovu cha dunia ni kilometa 6,371, na shimo refu kuliko yote lililotobolewa na wanadamu, lile la Kola nchini Urusi, lilikomea kilometa 12 na ushei, ambako joto lilikwisha kufika nyuzi 180 hivi. Mwaka 1936 Inge Lehmann, mama wa Denmark kama Stensen, aligundua kwa kusoma mawimbi ya matetemeko kwamba katikati ya kiini cha dunia kuna kiini kingine. Tunajua sasa kuwa ni kigumu. Hakuna nafasi ya vijiji.

Lakini maji yako. Wazee wa Chala na Taveta husimulia kwamba ziwa lao lilimeza kijiji kizima, na kwamba sauti za mifugo husikika kutoka chini. Mmisionari Charles New alisimuliwa habari hiyo alipopita mwaka 1871. Kijiji hakijaonekana. Kilichopo ni kwamba Chala, lenye kina kipatacho mita 90, halina mto uingiao. Hulishwa na mvua ya Kilimanjaro inayopenya ndani ya mwamba na kusafiri gizani. Na ndani yake yupo perege ambaye asili yake ni ziwa hilo tu duniani kote. Ghala la Kircher la chini ya Milima ya Mwezi lilikuwa ndoto, ila kuhusu maji yatembeayo chini ya milima yetu hakukosea sana.

Na viumbe wako. Katika migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, kwenye kina cha kilometa 2.8, wataalamu walitangaza mwaka 2008 kwamba wamepata bakteria anayeishi peke yake bila jua, akipata nguvu kutokana na mionzi ya urani iliyomo katika mwamba. Mwaka 2011 wakatangaza mnyoo wa nusu milimita aliyepatikana kilometa 1.3 chini. Walimpa jina la pepo wa hadithi za Kijerumani. Tungependa wangemchagulia jina jingine.

Karibu nasi zaidi, katika udongo wa misitu ya Upare na Usambara, yuko kiumbe wa jamaa ya chura, hana miguu, ana umbo la nyungunyungu mkubwa. Jicho lake limeshikamana na kijipapasio, na akikitoa kijipapasio hicho, jicho nalo hutoka nje ya fuvu. Binamu yake wa milima ya Taita, ng'ambo ya mpaka, hulisha watoto wake kwa ngozi ya mwili wake mwenyewe: ngozi ya mama hunenepa kwa mafuta, nao huibambua na kuila, kisha huota tena. Jambo hilo lilitangazwa mwaka 2006 tu. Kircher angeliandika, na wasomaji wake wangemwona mzushi.

Padre Kircher katika uzee wake aliliacha jiji. Mwaka 1661, akitembea milimani mashariki mwa Roma, alikuta magofu ya kanisa la Bikira Maria huko Mentorella, kando ya pango ambalo mapokeo husema Mtakatifu Benedikto alikaa humo. Alikusanya sadaka, akalijenga upya, na miaka yake ya mwisho alipenda kwenda huko kuungamisha mahujaji. Alifariki Roma tarehe 27 Novemba 1680. Mwili wake ulizikwa katika kanisa la Gesù, na moyo wake, kama alivyoagiza, ulipelekwa Mentorella. Yohane Paulo II alihiji hapo siku chache tu baada ya kuchaguliwa kwake, Oktoba 1978.

Tulirudi Kwakoa baada ya wiki mbili, tukawaeleza watoto habari ya yule kiumbe asiye na miguu. Yule mwenye swali alinyamaza kidogo. Kisha akatuambia kwamba amewahi kumwona huko Usangi, wakati wa mvua, alipokuwa akilima na bibi yake chini ya migomba. Walidhani ni nyoka, bibi akampiga jembe. Aliuliza kama mama huyo alikuwa na watoto.